Aprili, Mwezi wa Rekodi

Wapo wanaokusanya rekodi za mbio za marathoni, na wapo wanaokusanya za mabao ya ligi. Mimi nakusanya za maji: mafuriko makubwa kuliko yote, mwezi ambao bahari ilipata joto kuliko miezi yote, upepo uliovuma kuliko pepo zote. Ni mapenzi ya ajabu kidogo, nakiri, ila yana faida yake. Ukishayafuatilia kwa muda unagundua kwamba rekodi nyingi za pwani ya Tanzania zina anwani moja na mwezi mmoja. Anwani ni ule upande wa Kibiti na Rufiji ambako mto mkubwa kuliko yote nchini unajigawa mikono kati ya mikoko, kisha unaingia baharini mkabala na Mafia. Mwezi ni Aprili.

Aprili haikuchaguliwa kwa kura. Kaskazi, inayoanza kuvuma Desemba, ni upepo mpole kuliko kusi. Bahari inatulia, jua linapita utosini, na maji ya juu yanapashwa siku baada ya siku mpaka Machi, yanapofika nyuzi joto 29 au 30. Kusi ikishika kasi inayakoroga na kuyapoza, hata kufikia Agosti na Septemba yako kwenye 25 au 26. Katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho mabaharia hukiita malelezi, na ndani ya malelezi hayo masika inamwagika, mto Kilombero unajaa, na mto Rufiji unaoupokea unajaa. Kwa hiyo kila mwaka, kwa wiki chache, delta inakuwa kati ya mto uliofurika kwa nyuma na bahari yenye joto kali kwa mbele. Kama kuna jambo la kuvunja rekodi, litavunja hapo.

Bahari yenye haraka kuliko zote

Tuanze na rekodi mama. Mwaka 2014 mwanasayansi wa India, Mathew Koll Roxy, na wenzake walipitia takwimu za joto la Bahari ya Hindi kuanzia mwaka 1901 hadi 2012. Walichokuta ni kwamba upande wa magharibi, yaani huku kwetu, maji ya juu yalikuwa yamepanda hadi nyuzi 1.2 katika miezi ya Juni hadi Septemba. Upande wa mashariki, kule Indonesia ambako bahari imekuwa ya moto tangu zamani, ongezeko lilikuwa kama nyuzi 0.7. Kwa mwendo huo, hakuna bahari nyingine ya tropiki iliyopata joto haraka kama sehemu hii.

Tazama miezi yenyewe. Juni hadi Septemba ni kipupwe, wakati ambao bahari yetu ilizoea kupumua. Pepo za kusi zikifika Somalia huyasukuma maji ya juu pembeni, na maji baridi ya kilindini huja kuchukua nafasi. Kwa maneno mengine, sehemu iliyopata joto haraka zaidi ndiyo iliyokuwa friji ya bahari nzima. Halafu kuna suala la umbo. Atlantiki na Pasifiki ziko wazi kuelekea kaskazini, zina pa kupelekea joto lao. Bahari ya Hindi imezibwa na bara la Asia. Ni kama chungu chenye kifuniko upande mmoja.

Nyuzi 1.2 ni kitu kidogo kwa mtu anayeoga. Ukiongeza maji ya moto kiasi hicho kwenye ndoo, huenda usitambue. Matumbawe yanatambua. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu ule mwezi wenye joto kuliko yote ambao yameuzoea, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, matumbawe huvitapika vile vijimea vidogo vinavyoishi ndani yake na kuyapa chakula na rangi. Yanabaki meupe kama mifupa. Ndiko kupauka. Maji yakipoa mapema, hupona. Yakichelewa, hufa.

Kuhusu dunia nzima, rekodi ya karibuni iliwekwa Machi 2024. Shirika la Ulaya la Copernicus lilikokotoa wastani wa joto la uso wa bahari zote, ukiacha zile za karibu na ncha, likapata nyuzi 21.07, wastani wa juu kuliko mwezi wowote katika takwimu zake. Mwaka huohuo ulimalizika ukiwa wenye joto kuliko yote iliyopimwa duniani, nyuzi 1.55 juu ya wastani wa zama za kabla ya viwanda, kwa hesabu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Hapa mkusanyaji wa rekodi lazima awe mkweli. Neno "kuliko yote" lina umri, na umri wake ni ule wa chombo kilichopimia. Satelaiti zimekuwa zikisoma joto la bahari bila kukatika tangu mwishoni mwa mwaka 1981 tu. Kabla ya hapo ilikuwa ndoo. Baharia anatupa ndoo ya turubai, anavuta maji, anachovya kipimajoto, anaandika. Baadaye meli zikaanza kupima maji yanayoingia kupoza injini, ambayo husomeka ya moto kidogo kuliko ya ndoo, na wanasayansi wametumia miaka mingi wakirekebisha tofauti hiyo. Na meli zenyewe zilikuwa na njia zao: Aden kwenda Bombay, Aden kwenda Mombasa na Unguja. Nani alikuwa na sababu ya kutia nanga mbele ya Simba Uranga, mmoja wa mikono ya delta, apime joto la maji?

Kipimajoto kikongwe kuliko vyote

Jibu ni kwamba kilikuwapo kipimajoto, na hakikuhitaji baharia. Kilikuwa kimekaa chini ya maji ya Mafia kinajiandikia chenyewe.

Matumbawe makubwa ya mviringo, yale yanayofanana na jabali, huongeza tabaka jipya kila mwaka, kama mti unavyoongeza pete. Katika chokaa ya kila tabaka kuna oksijeni nyepesi na oksijeni nzito, na uwiano wa hizo mbili hubadilika kadiri maji yanavyopata joto au mvua inavyoyapunguzia chumvi. Ukitoboa tumbawe, ukatoa mche mrefu wa mawe, ukaupima kipande kwa kipande, unasoma bahari ya miaka ambayo hakuna aliyekuwa anaipima.

Mwaka 2000 jarida la Science lilichapisha usomaji wa tumbawe la Malindi uliofanywa na Julia Cole pamoja na Robert Dunbar, Tim McClanahan na mtafiti wa Kenya, Nyawira Muthiga. Lilikuwa na kumbukumbu ya miaka 194, kuanzia 1801 hadi 1994, na lilionyesha bahari inayopanda joto, kasi ikiongezeka kadiri unavyokaribia wakati wetu. Miaka michache baadaye zikaja kumbukumbu za Mafia: tumbawe moja lililoishi hadi mwishoni mwa karne ya 20, na jingine, lililokufa zamani, lenye habari za kati ya 1622 na 1722.

Mimi hili la pili ndilo linalonishika. Mwaka 1698, Waomani walipowatoa Wareno ndani ya Fort Jesus baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, tumbawe hili lilikuwa hai Mafia, likiandika joto la maji yaleyale yaliyopitiwa na mashua za pande zote mbili. Katika mashindano ya kumbukumbu ndefu za bahari kwenye pwani ya Tanzania sijui mshindani wake. Kitabu chochote cha meli ni mtoto mbele yake.

Mwaka mbaya kuliko yote

Kwa matumbawe yetu ni 1998. El Niño ya 1997 na 1998 iliipandisha Bahari ya Hindi joto kwa namna ambayo wapiga mbizi hawakuwahi kuiona, na kufikia Aprili na Mei miamba ilikuwa imepauka kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Mafia iliumia sana. Mwamba wa Tutia, kusini mwa kisiwa, uliokuwa umejaa matumbawe ya matawi kama kichaka, ulipoteza sehemu kubwa kabisa ya uhai wake. Duniani kote, asilimia 16 ya matumbawe inakadiriwa kuangamia mwaka huo. Na hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, ile ya Mafia, ilikuwa ndiyo kwanza ina miaka mitatu. Ilianzishwa 1995 kuzuia baruti na kokoro. Joto halizuiwi kwa doria.

Ikaja 2016, kisha 2024. Tarehe 15 Aprili 2024 wataalamu wa bahari wa Marekani wa NOAA walitangaza rasmi kwamba dunia imeingia katika upaukaji wa nne wa kimataifa, na katika orodha ya mahali palipothibitishwa Tanzania na Kenya zilikuwamo.

Tarehe 15 Aprili

Tarehe hiyo iangalie vizuri, maana ina historia hapa.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa kwa wingi, na merikebu zilizokuwa bandarini zilipondwa, pamoja na manowari za Sultani Barghash, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili kitini. Pemba, ng'ambo ya mkondo, ilisalimika. Rekodi mbili zimetoka katika siku hiyo moja. Ya kwanza mpaka leo inaonekana sokoni: Pemba ndiyo mzalishaji mkubwa wa karafuu za Zanzibar, na sehemu ya sababu ni kwamba mashamba yake yalibaki yamesimama wakati ya Unguja yamelala. Ya pili ni ya kuchekesha kama si ya kusikitisha. Ili kuziba pengo la manowari zilizozama, Barghash aliagiza Uingereza merikebu mpya, Glasgow, iliyokamilika 1878. Ndiyo iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza haohao tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo vitabu vya rekodi vinavitaja kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Vilichukua takriban dakika 38.

Miaka themanini kamili baadaye, tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kingine kiliingia Lindi, kikaua watu na kuuvuruga mji. Kwa nusu karne iliyofuata ndicho kilichobaki katika vinywa vya wazee wa kusini kama kipimo cha kila upepo.

Msinielewe vibaya, tarehe haina uchawi. Waganga wa mitandaoni wakishika habari hii watatuuzia hirizi. Kinachozileta siku hizi pamoja ni kile tulichosema mwanzoni: mwisho wa kaskazi, bahari ikiwa na joto lake lote. Kimbunga kinahitaji maji ya angalau nyuzi 26.5 ili kijilishe, na Aprili maji yapo. Ndiyo maana Kenneth, kilichoweka rekodi ya upepo mkali kuliko wowote kuwahi kuingia kaskazini mwa Msumbiji, kilipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019 huku Mtwara ikikesha kwa hofu. Na ndiyo maana Jobo, mwaka 2021, kilitukaribia Aprili hiyohiyo kabla ya kuishiwa nguvu.

Zawadi isiyoombwa

Kilichotukinga kwa miaka yote hiyo ni mambo mawili. Moja ni Madagaska, iliyojilaza kama ukuta mbele ya vimbunga vinavyotoka mashariki. Jingine ni ukaribu wetu na ikweta. Kimbunga huzungushwa na mzunguko wa dunia yenyewe, na karibu na ikweta mzunguko huo hauna nguvu ya kuipindisha hewa. Delta ya Rufiji iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, ukingoni mwa eneo ambalo kimbunga kinaweza kusimama. Watu wa pwani hii wamelelewa wakijua kwamba vimbunga ni habari za Wamalagasi.

Kisha Mei 2024 kikaja Hidaya. Jina zuri, zawadi. Tarehe 3 Mei upepo wake ulifika kilomita 150 kwa saa, na katika enzi ya satelaiti hakuna kimbunga kilichopimwa kikiwa na nguvu kiasi hicho karibu hivyo na pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeanza kutoa tahadhari mapema, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na tarehe 4 Mei Hidaya kikafika Mafia kikiwa tayari kinapungua. Mvua zake zilishuka kusini zaidi. Barabara kuu ya kusini ilikatika upande wa Somanga, wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikawa kama visiwa.

Je, Hidaya kiliushinda upepo wa Lindi wa 1952 au wa Unguja wa 1872? Wakati wa Lindi hapakuwa na satelaiti, na wakati wa Unguja hapakuwa hata na redio. Ninakipa Hidaya taji la enzi ya satelaiti, na lile la zama zote ninalifungia kabatini.

Linalonisumbua zaidi ni kalenda. Mei ni mwezi wa kusi. Bahari inapaswa kuwa imeshaanza kupoa. Lakini Hidaya kilikuja Mei, na kabla mwezi haujaisha kikatokea kingine, Ialy, kilichopanda kaskazini hadi mbele ya pwani ya Kenya, mahali ambapo ramani za vimbunga ni nyeupe kwa sababu hakuna cha kuchora. Joto la Aprili limeanza kula siku za mwezi wa jirani.

Mizani

Mwaka 1999 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Japani, Saji na Yamagata wakiwa miongoni mwao, waliipa jina tabia ambayo bahari yetu ilikuwa nayo siku zote. Wakati fulani joto huhamia magharibi, upande wa Afrika, na baridi ikabaki upande wa Sumatra. Wakati mwingine ni kinyume chake. Fikiria mizani ya dukani. Ikilalia kwetu, vuli inakuja na gharika. Ikilalia kwao, vuli inakosekana.

Iliwahi kulala sana kwetu mwaka 1961. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba ile, mvua zilikuwa zimekwisha kuifurisha Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likaanza kupanda. Kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Ikalala tena 1997, ikishirikiana na El Niño. Ikalala 2019 kwa namna ya kutisha: Oktoba ile kipimo cha kila wiki cha mizani hiyo kilipita nyuzi 2, juu kuliko wakati wowote tangu takwimu za kila wiki zilipoanza mwaka 2001. Nzige, mafuriko ya Lindi na Kilwa Januari 2020, na Ziwa Victoria kuvunja rekodi yake ya Mei 1964 katika Mei ya 2020, yote yametoka mumo humo au yamesukumwa nayo.

Bahari ikipata joto, sahani ya upande wetu inakuwa na uzito kabla hata ya mizani kuanza kucheza.

Mto

Bonde la Rufiji lina ukubwa wa kilomita za mraba 177,000 hivi, kama moja ya tano ya Tanzania. Mvua ya Mbeya na Iringa, ya Mahenge na Songea upande wa Luwegu, sehemu kubwa inaishia Kibiti na Rufiji. Warufiji wamelijua hilo tangu kale na hawakulichukulia kama msiba. Wana kilimo cha mlau: mafuriko yakishuka, unapanda kwenye unyevu na rutuba yaliyoacha. Wana dungu, kibanda cha shambani kilichoinuliwa juu ya miguu mirefu ya miti, unalinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe, na maji yakija unabaki juu. Mwaka 1969 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu katika Operesheni Rufiji, na baadhi wakaendelea kurudi mashambani, kwa sababu shamba zuri liko pale yanapofika maji.

Aprili 2024 maji yalivuka kiasi cha mlau na kiasi cha dungu. Kata za Rufiji na Kibiti zilizama, mashamba ya mpunga na mahindi yakiwa bado hayajavunwa. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, zikichochewa na El Niño, zimeua watu 155 nchini, na kaya zaidi ya 51,000 zenye watu kama 200,000 zimeathirika.

Na hapo likaibuka swali lililojaza vijiwe vya kahawa: bwawa je? Bwawa la Julius Nyerere ni rekodi iliyojengwa kwa mikono. Megawati 2,115, mitambo tisa, ukuta wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na kimo cha zaidi ya mita 130, na ziwa linaloweza kushika mita za ujazo zaidi ya bilioni 30. Ujenzi ulizinduliwa Julai 2019, ujazaji wa maji ukaanza Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, wa mwisho 2025. Hakuna bwawa la umeme kubwa kuliko hilo katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiihesabu Ethiopia, taji linahamia huko. Wakati wa mafuriko ya 2024 wapo waliosema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowafika. Serikali na Tanesco walijibu kwamba bwawa lilipunguza makali, na bila hilo maji yangefika mapema zaidi. Hoja ya pili ina mantiki ya hesabu. Lakini mkulima wa Muhoro anapima kwa mpunga wake, na katika mizani hiyo hoja haikuwa na uzito wowote.

Mimi ninaliangalia bwawa kwa jicho jingine. Delta ni udongo. Imejengwa kwa tope lililoletwa na mto kwa maelfu ya miaka, na tope likitulia nyuma ya ukuta haliwezi kufika Salale wala Msala kule deltani. Wakati huohuo bahari yenye joto inatanuka na usawa wake unapanda. Kwenye maji ya bamvua chumvi huingia ndani ya vijito, na mpunga ukinywa chumvi haurudi. Visiwa vya mchanga havisubiri. Waulize watu wa Pangani kuhusu Maziwe, iliyokuwa mahali maarufu pa kutagia kasa kuliko pote Tanzania bara: kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeliwa na mawimbi, imebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa.

Msitu, kamba na samaki mkubwa kuliko wote

Mpango wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 1991, kazi ya marehemu Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliipa delta takriban hekta 53,000 za mikoko. Ndio msitu mmoja wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Ukienda kusini zaidi Wamsumbiji watakuja na Zambezi yao na ubishi utaanza. Mna mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi, kikandaa, na msikundazi. Boriti za Rufiji ziliezeka nyumba za mawe kuanzia Unguja hadi Ghuba ya Uajemi, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Tangu mpango ule uandikwe, sehemu ya kaskazini ya delta imezidi kufyekwa kwa ajili ya mpunga, kwa kuwa mkondo mkuu wa mto ulihamia huko mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuleta maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa hiyo hekta 53,000 ni rekodi ya zamani, kama bingwa ambaye bado anaitwa bingwa lakini amepungua mwili.

Kwenye mizizi hiyo ndimo kamba wanamokulia, na delta ndiyo shamba kuu la kamba la nchi hii. Mwaka 1997 serikali ilikubali mradi wa kampuni binafsi wa kuchimba mabwawa ya kamba kwenye hekta kama 10,000 za delta. Ungekuwa mradi mkubwa kuliko wote wa aina yake duniani. Wanavijiji walikwenda mahakamani, wanaharakati na wanasayansi wakapiga kelele, na mradi haukujengwa. Katika mkusanyiko wangu wote hiyo ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko nyingine, kwa sababu haikuwekwa.

Mto huohuo, kwa rutuba unayomwaga, unamlisha samaki mkubwa kuliko wote duniani. Papa potwe huja karibu kabisa na Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, wengi wakiwa madume wachanga, na chakula chao ni uduvi. Vifaa walivyofungwa na watafiti vimeonyesha kwamba wengi hawaondoki. Msimu ukiisha wanashuka tu chini na mbali kidogo.

Mawili ya haraka kabla sijafunga daftari. Rekodi ya kujificha ni ya manowari ya Kijerumani Königsberg, meli ya mita 115, iliyojichimbia kwenye mikono hii kuanzia Septemba 1914 hadi ilipoharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Na Daraja la Mkapa, mita 970 juu ya Rufiji, lilikuwa refu kuliko yote Tanzania tangu 2003 hadi lilipopitwa na Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam mwaka 2022. Kwa anayekumbuka foleni ya kivuko cha Ndundu, bado ndilo refu kuliko yote.

Mafuriko yale ya 2024 yaliacha mstari wa matope kwenye kuta nyingi za Rufiji na Kibiti. Mvua mbili tatu na chokaa ya Idi vinatosha kuufuta. Kama nyumba yako bado ina mstari huo, chukua msumari, uchore pale pale, uandike tarehe. Na kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu aliyekuwapo Lindi mwaka 1952, muulize, kabla ya Aprili nyingine, maji yalifika wapi.